Ukialikwa Kufundisha Kwilti Milimani Majira ya Machipuko

Mwaliko wa kufundisha kwenye tamasha la kwilti ukifika, wengi hukimbilia tiketi. Mimi huanza na darasa. Nikishajua watu watashona nini, kwa muda gani, na ukumbi una meza na umeme kiasi gani, ndipo najua begi litakuwa na uzito gani na niondoke siku ipi.

Chagua kazi ndogo. Kwilti ni tabaka tatu, uso wa vipande vilivyounganishwa, pamba ya katikati na kitambaa cha nyuma, na hakuna anayezimaliza kwa kipindi kimoja. Darasa la nusu siku linatosha bloku moja, yaani ule mraba unaorudiwa hadi uso ukamilike. Mimi hupenda Nyota ya Ohio. Ina miraba 9: mitano mizima, na minne iliyoundwa kwa pembetatu nne nne. Anayeanza huimaliza, na mzoefu hubaki na kazi ya kunyoosha ncha zikutane barabara.

Kazi kubwa kwangu ni sampuli za hatua, nami huzianza mapema kuliko kitu kingine chochote. Naiandaa bloku ileile mara kadhaa, kila moja ikiwa imeishia mahali pake: vipande vimekatwa tu, pembetatu mbili zimeshonwa lakini hazijapigwa pasi, zimepigwa pasi, mshono umelala upande wa kitambaa cheusi, safu moja, safu tatu, nyota kamili. Nyingine naigeuza nyuma, maana huko ndiko kuna somo lenyewe. Mwanafunzi anapitisha kidole, anagusa mishono ya safu ya kwanza iliyolala kulia na ya safu ya pili iliyolala kushoto, na anaelewa kwa nini safu hizo zinashikana bila kuteleza chini ya sindano.

Nabeba pia safu mbili za vipande 9. Moja imeshonwa kwa mshono wa robo inchi, kama milimita 6. Nyingine mshono umezidi kwa milimita 1 tu. Kila mshono unameza milimita 2 zaidi, safu ina mishono 8, kwa hiyo ya pili ni fupi kwa milimita 16. Ziweke sambamba mezani, na utaona watu wanarudi kwenye cherehani zao kupima upya bila kuambiwa.

Sampuli hizo zinakaa kwenye begi la mkononi pamoja na vitambaa vya darasa la kwanza, kwa sababu mzigo mkubwa unaweza kuchelewa. Vile visu vya gurudumu vya kukatia vitambaa ni kinyume: wembe wake hauruhusiwi ndani ya ndege, uweke kwenye mzigo unaokabidhi. Cherehani usibebe, waombe waandaaji. Ukienda nchi yenye umeme tofauti, kwa mfano Marekani wenye volti 120 wakati Ulaya ni 230, cherehani na pasi za huko ndizo salama.

Nikitaja pasi: waulize waandaaji kuhusu soketi, na wakujibu kwa maandishi. Cherehani nyingi za nyumbani hutumia umeme kidogo, lakini pasi moja hula zaidi ya wati 1,000. Pasi mbili kwenye laini moja na cherehani zote, umeme unakatika katikati ya somo. Omba meza ya pasi iwe na laini yake.

Malipo, nauli, malazi, na idadi ya wanafunzi ambayo ikipungua darasa linafutwa, yote yawe kwenye mkataba. Kama ni nje ya nchi yako, ulizia ubalozini kabla ya kulipia chochote. Kufundisha kwa malipo ni kazi, na mara nyingi viza ya utalii haitoshi.

Sasa mlima wenyewe. Machipuko ya bondeni si ya kileleni. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi, hivyo chini maua yamechanua na juu theluji bado inaanguka. Theluji huyeyuka mchana na maji yake huganda tena usiku, ndiyo maana barabara za asubuhi na mapema huwa na utelezi mbaya. Mimi hupanda mchana, na hufika siku nzima kabla ya darasa. Pakua ramani kwenye simu, mtandao hupotea kwenye makorongo. Mahali pa mita 2,500 na zaidi, kichwa kinaweza kuuma na usingizi kukatika siku za mwanzo; kunywa maji, na usipange madarasa mawili siku ya kwanza.

Siku hiyo ya akiba itumie ukumbini. Chomeka pasi zote pamoja na cherehani uone kama umeme unahimili. Kaa kwenye kiti cha nyuma kabisa uangalie kama bloku iliyotundikwa mbele inaonekana. Kagua taa pia: kwenye mwanga hafifu, buluu iliyokolea na nyeusi hazitofautiani, na mwanafunzi atashona pembetatu upande usio wake. Zikiwa hazitoshi, omba taa za mezani jioni hiyohiyo, waandaaji wapate muda wa kuzitafuta.