Mwanangu, endelea na huyo wa kwenye simu

Baba, ujumbe wako nimeupata. Unauliza mawili: mwanasaikolojia wa Dar anayekuona kwenye kioo cha simu tu anaweza kweli kumsaidia mtu aliyeko Makete, na kwa nini siku ya kwanza kabla hata hujaanza kusema shida yako kakuuliza uko wapi hasa na akataka namba ya ndugu wa karibu, ukaona kama umekaa mbele ya polisi. Nianze na hilo la pili, manake ndo lililonifanya nimwamini.

Mgeni wa kazi angekurukia na ushauri. Huyu anajua ukizidiwa katikati ya maongezi, ukaanza kusema maneno ya kujidhuru, yeye yuko Dar hawezi kukukimbilia, kwa hiyo lazima ajue uko kijiji gani na ampigie nani. Akiuliza kila kikao "leo uko wapi?" jibu tu, usichoke. Na mkubaliane mapema mtandao ukikata mnafanyaje, si unaijua Makete mvua ikianza, utakata pale pale ulipoanza kulia, sura yake imeganda mdomo wazi na wewe unaongea na picha. Semeni zikipita dakika mbili tatu anapiga simu ya kawaida, basi.

Sasa hili la kwanza. Tangu ile ajali ya mteremko wa Iwambi usingizi hamna, lori likifunga breki unatoka jasho, na mwezi umeshapita kitambo, hicho ni kiwewe, si uoga kama baba'ako mdogo anavyosema na wala hamna aliyekuroga. Watu huku wakisikia akili wanataja Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma, wanacheka, waache wacheke. Hiyo CBT aliyokutajia, tiba ya maongezi ya kubadili mawazo na tabia, ilianzishwa na daktari wa Marekani, Aaron Beck, miaka ya 1960, unafundishwa kulikamata wazo linalokutisha na kulipima kama ni kweli, na kwa kiwewe huwa ni vikao 8 mpaka 12 hivi, na katikati unapewa kazi za kufanya nyumbani. Mguu uliovunjika hauwezi kufungwa plasta ngumu ya POP kwa video, ila hapa dawa ni maongezi yenyewe. Ungeweza kuja Hospitali ya Rufaa hapa Mbeya, kitengo cha akili kipo, ila si ndo ugonjwa wenyewe huo, kupanda gari.

Kwenye unesi wangu nilimwona mwanasaikolojia mmoja mkongwe, kaletewa kijana wa bodaboda aliyegongwa usiku, kijana kimya, anaangalia sakafu. Yule mzee hakumuuliza anajisikiaje, kaweka kalamu chini akasema, ukifumba macho unaona nini kwanza? Kijana akasema taa. Taa moja, ya kulia, ya kushoto ilikuwa imekufa. Basi kikao kizima wakakaa kwenye ile taa, ilikuwa na rangi gani, ilikuja kwa kasi gani, sisi manesi tunaona muda unapotea bure, kumbe ndo kazi yenyewe, baada ya wiki kadhaa kijana akaanza kulala. Huyo wako akikuuliza vitu vidogo vidogo hivo jua kakomaa. Akianza "samehe songa mbele", kimbia. Muulize na shule yake, mwenye karatasi hakasiriki, MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, kuna shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, manake siku hizi kila mwenye simu na taa ya duara anajiita mwanasaikolojia.

Mwambie na habari ya ulanzi. Najua unaunywa jioni ili ulale, nimeambiwa, usiulize na nani. Na vidonge vya usingizi vya duka la dawa, hizo diazepamu, usiguse baba, haviondoi kiwewe na mwili unavizoea haraka. Mwanasaikolojia haandiki dawa, akiona unahitaji atakuelekeza kwa daktari wa akili.

Hizo nyumba za walimu kuta zake nazijua, jirani anasikia mpaka ukikoroga uji. Vaa hedifoni, omba ufunguo wa maabara jioni wanafunzi wakishaondoka.

Ila kuna kitu kimoja nakuomba, usije ukajifichia kwenye hiyo video. Kama ni mzoefu kweli atafika mahali atakwambia nenda stendi ukaziangalie tu Coaster zinavyopakia, usipande, siku nyingine upande ukae kidogo ushuke kabla haijaondoka, af siku nyingine mpaka Ikonda na kurudi, moyo unapiga na wewe unabaki pale pale mpaka utulie wenyewe. Nakujua wewe, hapo ndo utaanza kusema bando limeisha, au una mitihani ya kusahihisha. Kikao hicho usikikose, hata kama ni kwenda kumwambia leo nimeshindwa kushika mlango wa gari nikarudi nyumbani, mwambie hivo hivo, nalo ni la kufanyia kazi.

Namba yangu mpe ile ya Airtel, ya Voda naiachaga kwa dada'ako dukani. Hela ya kikao ikipungua mwisho wa mwezi sema mapema, parachichi za nyuma ya nyumba zimeanza kupata wateja.

Mama