Kadi ya chanjo isipoonekana: niliyojifunza nikilea watoto wa watu nyumbani

"Kadi ipo, nitaileta kesho." Maneno hayo utayasikia mapema, tena mara nyingi asubuhi, mzazi akiwa mlangoni na mkoba wa nepi begani, mtoto analia, na saa ya kazini inamkimbiza. Mwaka wangu wa kwanza wa kupokea watoto nyumbani niliyachukua yalivyo. Kwenye faili la mtoto nikaandika "amechanjwa, kadi italetwa", nikalifunga, tukaendelea na siku. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi. Mtoto mwenyewe alikuwa mchangamfu, hana hata mafua, mama yake mtu mstaarabu, na mimi niliona haya kumkumbusha kila mara kama ninayemdai deni.

Mchana mmoja nikapigiwa simu na mzazi mwingine. Mwanawe, aliyeshinda kwangu siku mbili kabla, ametoka vipele na daktari anashuku surua. Baada ya saa chache akapiga mhudumu wa afya ya jamii. Aliniuliza mambo matatu: nani waliokuwa ndani ya nyumba kuanzia siku nne kabla ya vipele, kila mmoja ana umri gani, na kila mmoja alipata dozi ya surua tarehe ngapi. Mbali na mgonjwa nilikuwa na watoto sita. Wanne majibu yao yalikuwa kwenye karatasi. Mmoja alikuwa na miezi saba, hajafikia umri wa dozi ya kwanza. Wa sita ndiye yule mwenye maandishi yangu. "Mama yake amesema amechanjwa," nikasema. Akanijibu kwa upole kwamba hilo hawezi kuliandika.

Nakueleza haya ili ujue kwamba karatasi hii inatakiwa kwa ajili ya siku kama ile, kabla hata hatujafika kwa mkaguzi. Mgonjwa wa surua huambukiza tangu siku nne kabla ya vipele kutokea hadi siku nne baada ya hapo, na virusi vyake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mwenyewe kutoka chumbani. Kati ya watu kumi wasio na kinga wanaokaa naye karibu, tisa huweza kuupata. Aliyekutana na ugonjwa bila kinga anaweza kusaidiwa kwa chanjo ndani ya saa 72, na watoto wachanga au wenye kinga dhaifu daktari anaweza kuwapa kingamwili ndani ya siku sita. Saa hizo huanza kuhesabiwa tangu walipokutana na mgonjwa, na wewe hupata habari baadaye. Mimi nilipoteza mchana mzima nikimtafuta mama ambaye simu yake huzimwa akiwa kazini. Jioni ikajulikana kadi iko kwa bibi yake mtoto, na dozi ya surua alikuwa ameipata zamani. Kinga alikuwa nayo siku zote. Aliyekosa jibu ni mimi.

Tangu hapo neno "amechanjwa" siliandiki bila kuona tarehe kwa macho yangu. Faili langu lina hali tatu, na nakusihi usizichanganye. Ya kwanza ni "imeonekana", pamoja na tarehe niliyoiona na nilichokiona: kadi yenyewe, nakala, au taarifa iliyotolewa na kliniki. Ya pili ni "haijaonekana", yaani mzazi anasema mtoto alichanjwa lakini ushahidi haupo. Ya tatu ni "hajapata", iwe kwa sababu ya umri, ya kiafya au ya uamuzi wa mzazi. Mtoto wa hali ya pili na wa hali ya tatu wanaweza kulala vitanda vinavyopakana na wote wakawa wazima, ila hatua za kuchukua ni tofauti kabisa. Wa pili anatafutiwa karatasi. Wa tatu anahitaji mpango.

Sasa njia ya kutafuta. Hapa ndipo wageni wengi wa kazi hii hukwama, kwa kuwa humwuliza mzazi swali moja tu, "kadi iko wapi?", naye hajui. Kadi hupotea kwa njia za kawaida sana. Familia imehama, maji yameingia ndani, wazazi wametengana na kadi imebaki upande mmoja, mtoto alizaliwa hospitali moja akachanjwa kwingine. Uliza mambo yanayofungua njia. Mara ya mwisho alichomwa sindano wapi? Nani alimpeleka? Wakati ule mlikuwa mkiishi wapi, na namba ya simu mliyoandikisha ilikuwa ipi?

Halafu uliza jina alilokuwa akitumia. Watoto wengi hupata chanjo za mwanzo kabla hawajapewa jina, basi kwenye rejesta ya kliniki wameandikwa "mtoto wa" kisha jina la mama. Wengine walianza na jina la ukoo la mama, likabadilishwa baadaye. Mzazi akienda kuuliza kwa jina la leo ataambiwa hayumo, atarudi amevunjika moyo na kuamini kumbukumbu zimepotea. Akienda na jina la zamani, tarehe ya kuzaliwa na jina la mama, mara nyingi zinapatikana. Mbali na kliniki, mwambie aulize hospitali alikozaliwa mtoto, daktari wake wa awali, na kituo au shule ya awali aliyosoma kabla ya kuja kwako, maana huko nakala huwa ilibaki. Mahali penye mfumo wa kitaifa wa kumbukumbu za chanjo, ofisi ya afya inaweza kuchapisha taarifa upya.

Mwache mzazi aombe mwenyewe. Kumbukumbu za afya ni siri ya mtoto na familia yake. Kliniki haina ruhusa ya kukusomea kwenye simu kwa sababu tu umejitambulisha kama mlezi. Ikiwa mzazi kazi inambana na anataka umsaidie, akuandikie barua ya ridhaa yenye saini, itaje kliniki na kinachoombwa, na nakala yake ukae nayo.

Kadi ikija, isome. Usiipige picha tu ukaiweka. Nimewahi kuona walezi wazoefu wakinakili safu ya "tarehe ya kurudi" wakidhani ni tarehe ya kuchanjwa. Kadi nyingi zina safu zote mbili, na ile ya miadi huwa imejazwa hata kama mtoto hakurudi. Tafuta ilipo saini, muhuri au namba ya bechi, hapo ndipo dozi ilipotolewa. Tarehe nazo zina mtego wake: 03/04 kwa nchi moja ni tarehe 3 Aprili, kwa nyingine ni Machi 4. Kadi ikitoka nchi nyingine, tafuta mstari wenye namba iliyozidi 12 ujue wao wanaanza na siku au mwezi. Tena usishtuke ukikosa homa ya ini kwenye orodha. Penta ni sindano moja yenye kinga za magonjwa matano, yaani donda koo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na Hib (bakteria wanaoleta homa ya uti wa mgongo na nimonia), na mwenye kadi ya penta hatakuwa na mistari mitano tofauti. Ratiba za nchi pia hazilingani. Kuna zinazotoa dozi hizo wiki ya 6, 10 na 14, kuna zinazotoa mwezi wa 2, 4 na 6. Kuna zinazoanza surua miezi tisa, na zinazosubiri mwaka. Kwa hiyo mtoto aliyehamia anaweza kuonekana amepungukiwa kumbe alifuata ratiba ya kwao, au akaonekana amekamilika kumbe kuna dozi inayodaiwa hapa. Uamuzi huo ni wa kliniki. Kazi yako ni kuona na kuuliza.

Kuna vitu viwili ambavyo wazazi hukuonyesha kwa moyo safi kama ushahidi. Kimoja ni kovu la begani. Kovu hilo ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu, na halisemi lolote juu ya surua wala polio. Tena wapo waliochanjwa BCG wasibaki na kovu. Cha pili ni kumbukumbu ya mama kichwani. Isikilize na uiandike kama maelezo, kwa sababu inasaidia kujua pa kutafuta, lakini usiigeuze kuwa tarehe. Na hata siku moja, kwa huruma yoyote ile, usimjazie mtoto tarehe kwenye kadi au fomu. Mzazi anaweza kukuomba, na anaweza kukuomba huku analia kwa kuogopa kupoteza kazi akikosa pa kumwacha mtoto. Mpe muda ambao sheria inaruhusu, mpe orodha ya pa kwenda, mwandikie barua ya kuomba ruhusa kazini. Tarehe ya uongo ikishaingia inanakiliwa kutoka karatasi hadi karatasi, na daktari ataamini mtoto ana kinga ambayo hana.

Zisipopatikana kabisa, mtulize mzazi kwa ukweli huu: dunia haijaisha. Daktari au muuguzi atapanga upya. Kwa kawaida dozi isiyo na maandishi huhesabiwa kama haikutolewa, na mtoto akirudia chanjo aliyokwisha kupata, kwa chanjo nyingi hilo halimdhuru. Kwa baadhi ya magonjwa, surua ikiwemo, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kama kinga ipo. Aliyeanza mfululizo akakatiza, huendelea alipoishia, harudi mwanzo. Na nafasi nyingine kwenye kadi hazijazwi tena kwa kuwa umri wake umepita, hivyo usimsukume mzazi eti kila kisanduku kiwe na wino.

Jambo moja lilinichukua muda kulielewa. Dozi nyingi za mfululizo mmoja zinahitaji kupishana angalau wiki nne, nyingine miezi. Nilikuwa nikiwaambia wazazi "nataka iwe imekamilika mwisho wa mwezi", kitu ambacho hakiwezekani. Siku hizi tunakubaliana kwa maandishi juu ya hatua inayofuata: tarehe ya kwenda kliniki, na karatasi atakayorudi nayo ikionyesha dozi ya kwanza na miadi ya pili. Miadi ile naiandika kwenye kalenda yangu, na siku mbili kabla namtumia ujumbe mfupi. Mtoto anaendelea kuja ikiwa sheria inaruhusu.

Hiyo sheria ijue kabla hujampokea mtoto wa kwanza. Mahali pengine zipo siku za neema, yaani muda wa kuleta karatasi mtoto akiwa ameshapokelewa, mahali pengine hakuna. Sababu za kiafya hukubaliwa kwa barua ya daktari. Sababu za imani hukubaliwa kwingine, kwingine hapana. Iombe kwa maandishi kutoka ofisi inayokupa leseni. Usitegemee mlezi mwenzako, maana anaweza kukupa ya miaka mitano iliyopita kwa nia njema kabisa. Na ukishaijua, itumie kwa mtoto wa dada yako kama unavyoitumia kwa mtoto wa mgeni. Kwangu ndugu ndio waliokuwa wagumu zaidi.

Mzazi aliyeamua kutochanja ni suala jingine na lisikuchoshe kwa mabishano ya mlangoni. Mshauri azungumze na daktari, mweleze sheria inasemaje, na kama inamruhusu, weka cheti chake kwenye faili. Kisha mwambie mapema, naye asaini, kwamba ugonjwa ukiingia mwanawe ataombwa kukaa nyumbani. Kwa surua mara nyingi ni siku 21 tangu alipokutana na mgonjwa. Habari hiyo ikimfikia siku ya tukio itamchoma kama adhabu.

Wazazi wengine watakuuliza ni mtoto gani hajachanjwa. Mwenye kichanga ana haki ya kuhofu, kwani kifaduro humwumiza zaidi mtoto wa miezi michache ambaye dozi zake hazijatimia. Bado jina halitoki kinywani mwako. Mimi husema hivi: "Kumbukumbu za kila mtoto nazifuatilia kama sheria inavyotaka, na ugonjwa wowote ukitokea utaarifiwa siku hiyohiyo." Akiendelea kuuliza, narudia maneno yaleyale. Mafaili yako kwenye kabati lenye kufuli.

Mbele ya mafaili hayo kuna ukurasa mmoja ambao naupenda kuliko karatasi zote za kazi hii. Una jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, hali yake kati ya zile tatu, tarehe za dozi za surua na kifaduro, dozi inayofuata lini, na namba mbili za simu, ya pili ikiwa ya mtu anayepokea mchana. Naupitia kila baada ya miezi mitatu, kwa kuwa aliyekuwa sawa akiwa na miezi kumi anaweza kuwa anadaiwa dozi akifika mwaka na nusu. Kwenye ukurasa huo mimi nimo, mume wangu yumo na msaidizi wangu yumo. Mhudumu yule wa afya aliniuliza na yetu.

Kadi halisi usibaki nayo. Chukua nakala ya pande zote mbili, hakikisha jina na tarehe zinasomeka, kisha mrudishie mzazi mkononi kabla hajatoka. Mwaka jana nikipanga kabati nilikuta kadi ya mtoto aliyeondoka kwangu miezi mingi nyuma, imejificha kati ya fomu za zamani. Nilimpigia mama yake saa ileile. Alikuwa ameitafuta kwenye masanduku yote, na mtoto alikuwa ameshaanza kurudia sindano.