Likizo ya Watoto kwa Gharama Ndogo

Kila Juni na Desemba shule zikifungwa, wazazi wengi wa Dar es Salaam huanza kupiga hesabu: bembea za kulipia, mabwawa ya kuogelea, bando la intaneti. Ukiwa na watoto watatu kama mimi, kiingilio, nauli na soda za siku moja vinamaliza pesa ya mboga ya wiki nzima. Baada ya kulea wangu hapa Temeke, ninaamini kabisa kwamba mtoto wa likizo anataka wenzake, anataka kitu cha kufanya kwa mikono yake, na anataka mtu mzima amwonyeshe mara ya kwanza. Vya kununua vinakuja nyuma sana.

Anzeni na rede. Sisi tuliicheza hadi magharibi, lakini watoto wengi wa leo hawaijui kwa sababu hakuna aliyewafundisha. Chukua soksi iliyochakaa, shindilia matambara na karatasi ndani yake, ifunge kamba iwe ngumu kidogo. Huo ndio mpira. Warushaji wawili wanasimama huku na huku. Katikati anabaki mchezaji na chupa tupu ya maji kando ya kirundo cha mchanga, naye anatakiwa kuijaza kwa kiganja huku akikwepa mpira. Ukimpata, katoka. Chupa ikijaa, kashinda, ingawa mitaa mingine humtaka pia aumwage mchanga wote kwanza. Watoto hugundua upesi kwamba muda wa kuchota ni pale mrushaji anapokosa na mpira ukapitiliza hadi uani kwa jirani. Wadogo wa miaka minne au mitano mdomo wa chupa huwashinda, mchanga wote unamwagika pembeni, kwa hiyo wape kopo la mdomo mpana.

Naomba mzazi ucheze nao raundi ya kwanza. Ukiwaambia tu "nendeni mkacheze nje", watazunguka kidogo na kurudi kwenye televisheni. Wakishaonja, utaanza kuwaita wao waje kula.

Jua likiwa kali, wahamishie kivulini wacheze mdako. Chimba kishimo kidogo, weka kokoto ndani. Mtoto anarusha jiwe moja juu, anazichokoa kokoto kabla halijatua, analidaka. Anarusha tena na kuzirudisha shimoni akibakisha moja tu nje. Zikiisha moja moja, wanahamia mbili mbili, kisha tatu tatu. Binti yangu wa darasa la kwanza alizoea kuhesabu kwa mafungu hapo, akiwa ameketi chini na kokoto zake. Magari ya boksi yenye matairi ya ndala kuukuu nayo hayana gharama, ila kisu cha kukatia ndala ashike mkubwa.

Sasa, najua wengi wetu hatushindi nyumbani. Wengine tuko sokoni, wengine kazini hadi jioni. Hapa dawa ni majirani. Mtaani kwetu akina mama tulikubaliana zamu: leo watoto wote wako uani kwa fulani, kesho kwa mwingine, na kila mmoja anachangia unga wa uji na sukari kidogo. Kila mzazi ajue mtoto wake yuko ua gani na nani anawaangalia, na mtoto asihame bila ruhusa. Katika hilo msilegeze hata siku moja, hata kama jirani mnaaminiana vipi. Mwenye zamu akiwa anapika maandazi, awape donge la unga wakate maumbo yao, wavulana na wasichana pamoja.

Mkitaka kutoka, chagueni matembezi mawili au matatu kwa likizo nzima, yawe ya kusubiriwa. Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama kiingilio chake kwa raia si kikubwa, na watoto wanaingia ndani ya nyumba zilizojengwa kwa mitindo ya makabila mbalimbali. Kama kwenu ni Kilimanjaro au Iringa, waonyeshe nyumba ambayo bibi wa bibi yao angeitambua.

Safari ninayoipenda kuliko zote ni Coco Beach maji yakiwa yamekupwa. Wengi huenda jioni, maji yamejaa, watoto wanaishia kuomba vitu vya kununua. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Miamba inabaki wazi, na kwenye vidimbwi vyake kuna kaa, konokono wa baharini na visamaki vidogo. Wavae viatu vya zamani kwa sababu miamba inakata na miiba ya baharini inachoma. Bebeni maji ya kunywa na chakula kutoka nyumbani. Mkibakiwa na chenji, mihogo ya kukaanga ipo. Watoto waangalie na kugusa tu, viumbe vibaki baharini. Mtu mzima asimame upande wa bahari, watoto wawe kati yake na nchi kavu. Maji yakianza kujaa, watoe wote, hata yule anayelia kwamba kaa wake bado hajatoka shimoni.