Maswali ya Wasomaji: Hasheem Alibeba Ubingwa wa Vyuo Marekani?

Wiki hii najibu za kikapu tu, maana tangu tumtaje Hasheem Thabeet, Mtanzania wetu aliyefika NBA (ligi ya kulipwa ya Marekani), toleo lililopita meseji hazijakatika, na nyingi zinarudi palepale kwenye chuo chake, Chuo Kikuu cha Connecticut ambacho wenyewe wanakiita UConn, na yale mashindano ya taifa ya vyuo kule Marekani. Nimechukua chache, zinazofanana nimeziunganisha.

Mhariri habari za kazi. Kijiweni kwetu Temeke kuna ubishi hauishi. Jamaa mmoja anashikilia Hasheem alichukua ubingwa wa vyuo kabla ya kwenda NBA, mwingine anasema hamna kitu pale, alikuwa mrefu tu basi. Tumalizie. (Msomaji, Temeke)

Wote wawili wamekosea, ila huyo wa pili kakosea zaidi.

Ubingwa hakuchukua. Mwaka 2009 alifika nne bora, yaani nusu fainali ya taifa, na hapo wakafungwa na Michigan State 82-73. Lakini huyo wa "mrefu tu" mwambie akae chini asikilize. Msimu ule wa 2008-09 Hasheem alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi (kudaka mipira iliyokosa kikapu) 10.8 na bloku (kuzuia mipira inayorushwa kikapuni) 4.2 kwa mechi, akawa mchezaji bora wa ligi yao ya Big East kwa kugawana tuzo na DeJuan Blair wa Pittsburgh, na makocha wa vyuo nchi nzima wakamchagua mlinzi bora wa mwaka. Big East ya wakati ule haikuwa ligi ya kuonea watu. Na huyu ni kijana wa Dar, kasoma Makongo, kikapu kaanza kukishika ujanani tayari wakati wenzake kule wanaanza wakiwa watoto, akaenda kumalizia sekondari Houston, 2006 akaingia UConn, na miaka mitatu baadaye anapewa tuzo hizo. Halafu mtu anakwambia urefu. Warefu wako wengi.

Na bloku zenyewe hazisemi yote. Ukiangalia mechi zake za mwaka ule usifuate mpira, mwangalie gadi wa timu pinzani, yule mchezaji wa nje anayeendesha mpira. Anampita mtu wake vizuri kabisa, njia nyeupe, anaingia ndani, anamuona Hasheem kasimama chini ya kikapu mikono juu, basi anaukata mwendo, anageuka na mpira wake anarudi nje. Hilo haliandikwi popote kwenye takwimu lakini ndiyo iliyokuwa kazi yake dakika zote, na UConn nzima ilijengwa juu ya hiyo, gadi wao walikuwa wanabana watu kwa kujiamini nje kwa sababu walijua nyuma yuko nani.

Mashindano ya 2009 walipangwa namba 1 kanda ya Magharibi (upangaji huo naueleza chini). Mechi ya kwanza kocha mkuu Jim Calhoun alikuwa hospitali, wasaidizi wakaiongoza timu, wakawapiga Chattanooga 103-47. Wakafuata Texas A&M 92-66, Purdue 72-60, Missouri 82-75. Hiyo ya Missouri kijana wa mwaka wa kwanza alitokea benchi akafunga pointi 23, jina lake Kemba Walker, mkumbukeni huyo. Nusu fainali ikapigwa Detroit, kwenye uwanja wa futiboli ya Kimarekani uliojaa watu zaidi ya 72,000, na Michigan State ni chuo cha jimbo hilohilo, yaani ni kama walikuwa nyumbani. Na UConn walikuwa wamempoteza Jerome Dyson tangu Februari kwa goti, gadi wao muhimu sana. Mimi bado naamini Dyson angekuwepo wangefika fainali.

Kuna wengine wananiuliza kwanini hakusubiri mwaka mmoja zaidi abebe kombe. Asingebeba. Mwaka wake wa nne ungekuwa 2010, na 2010 UConn hata hawakuingia kwenye mashindano. Aliondoka wakati sahihi kabisa, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya akachaguliwa namba 2 na Memphis, Mtanzania wa kwanza NBA. Najua maneno yanayofuata hapo, kwamba nyuma yake walichaguliwa James Harden na Stephen Curry, na kule mambo hayakwenda. Sawa, NBA haikumkalia vizuri. Lakini inaniuma mtu anafuta miaka mitatu ya chuo kana kwamba haikuwepo, wakati ukitaja masenta, wale warefu wa chini ya kikapu, waliowahi kulinda kikapu cha UConn unaanza na Emeka Okafor na wa pili unamtaja yeye.

Kaka, hayo mashindano yenyewe yanaendaje? Mbona kila mwaka nasikia bingwa kafungwa na chuo ambacho hakuna anayekijua? (Msomaji, Mombasa)

Ni mtoano ndugu yangu, hakuna mechi ya marudiano, ukifungwa unarudi nyumbani. Yalianza 1939 na timu 8 tu, mwaka 2011 zikafika 68. Vyuo vinaanza msimu Novemba na kila kimoja kina ligi yake, bingwa wa kila ligi anaingia moja kwa moja, waliobaki wanachaguliwa na kamati. Mechi chache za mchujo zinabakiza 64, kanda nne, kila kanda wanapangwa namba 1 hadi 16, namba 1 anaanza na namba 16. Ukishinda mechi 6 wewe bingwa, yote ndani ya wiki tatu za Machi na mwanzo wa Aprili.

Kwa hiyo usiku mmoja mbaya unatosha. Hasheem mwenyewe yalimkuta 2008, UConn namba 4 walikutana na San Diego namba 13, mpanga mashambulizi wao A.J. Price akaumia goti kipindi cha kwanza, wakaenda muda wa nyongeza, sekunde za mwisho jamaa wa San Diego akarusha kwa mbali kidogo ukaingia, 70-69, msimu umeisha. Wale hawakuwa na jina lolote. Lakini ndiyo wakapita.

Assalamu alaikum. Nasikia UConn ndio mabingwa wa kuzoea, lakini zamani walikuwa hawajulikani. Walianzaje? Na kweli yupo aliyebeba kombe akiwa amefunga Ramadhani? (Msomaji, Muscat)

Waalaikum salaam. Yupo, nitamfikia.

UConn ipo Storrs, kijiji kwa kweli, chuo kilianza 1881 kama shule ya kilimo. Mashindano ya taifa walianza kuingia 1951 na kwa miaka mingi walikuwa wanaingia wanapigwa wanatoka, mwaka 1964 walifika nane bora wakakutana na Duke wakala 101-54. Calhoun kaja 1986, timu ilikuwa hoi. Mwaka 1990 ndiyo watu wakaanza kuwaangalia, na hapo niruhusu nikae kidogo maana kuna sekunde moja ambayo watu wa Connecticut hawaisahau.

Wanacheza na Clemson, 16 bora, walikuwa wanaongoza kwa pointi nyingi wakazila zote, sasa wako nyuma kwa moja, saa inaonyesha sekunde 1 imebaki, na mpira wanautoa chini ya kikapu cha upande wa pili wa uwanja. Scott Burrell, ambaye alikuwa na mkono wa kurusha besiboli, anautupa uwanja mzima, Tate George anaudaka pembeni kulia, anatua, anageuka, anarusha, unaingia. 71-70. Siku mbili baadaye Duke wakawafanyia hivyohivyo, muda wa nyongeza, Christian Laettner anatoa mpira nje, anarudishiwa, anarusha king'ora kinalia, 79-78. Basi ikawa ndiyo mazoea, 1995 wakaishia nane bora kwa UCLA, 1998 nane bora tena kwa North Carolina. Ray Allen kapita pale na hajawahi kuiona nne bora.

Ndipo ikaja 1999. Nne bora ya kwanza ya maisha yao, fainali na Duke waliokuwa wamefungwa mechi moja tu msimu mzima. Hakuna aliyewapa nafasi. Richard Hamilton akafunga 27, wakashinda 77-74. Miaka mitano baadaye, 2004, wakaitoa Duke nusu fainali kwa pointi moja, fainali wakaipiga Georgia Tech, huyo Okafor niliyemtaja, kijana wa wazazi Wanigeria, akaondoka na pointi 24 na ribaundi 15.

Mimi ukiniuliza ipi tamu kuliko zote nakwambia 2011. Kwenye ligi walikuwa wa 9, tisa kwa tisa, kushinda na kufungwa sawasawa. Halafu kwenye mashindano ya Big East wakashinda mechi 5 kwa siku 5, wakaingia ya taifa wakashinda 6 nyingine, mechi 11 mfululizo, na anayewaburuza ni yule Kemba Walker aliyekuwa mtoto kwenye timu ya Hasheem. Fainali yenyewe na Butler ilikuwa mbaya kuangalia, 53-41, Butler waliingiza mipira 12 kati ya 64. Sijali, ulinzi ule ulikuwa wa kweli. Mwaka 2014 wakarudia wakiwa namba 7, hakuna namba 7 aliyewahi kubeba kabla yao, Shabazz Napier ndiye aliyekuwa mwenye timu na kocha ni Kevin Ollie aliyewahi kuchezea chuo hichohicho.

Sasa wa kwako. 2023, kocha Dan Hurley, senta Adama Sanogo, kijana wa Mali. Ramadhani iliingia katikati ya mashindano na alifunga. Mechi zilipangwa jioni, nyingine jua linazama wako uwanjani. Wakashinda mechi zote sita kwa tofauti ya pointi 13 au zaidi, fainali dhidi ya San Diego State 76-59, na Sanogo akachaguliwa mchezaji bora wa nne bora. Mwaka uliofuata wakabeba tena, Purdue 75-60 pamoja na kwamba Zach Edey aliwatupia 37, na kwenye robo fainali waliwafungia Illinois pointi 30 mfululizo bila Illinois kupata hata moja. Hakuna aliyekuwa ametetea ubingwa tangu Florida 2007. Hao Florida ndio waliokuja kuwakata 2025 raundi ya pili, 77-75.

Jumla, kati ya 1999 na 2024 waliingia fainali mara 6 na zote 6 wakazibeba. Duke na Kentucky na majina yao yote wamewahi kulia siku ya fainali.

Mbona mabingwa wa 2011 hawakuonekana kabisa 2013? (Msomaji, Minneapolis)

Walifungiwa. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inapima maendeleo ya darasani ya wachezaji, wanaofaulu na wanaobaki chuoni, na alama za UConn zilishuka chini ya kiwango. Adhabu ikawa hakuna mashindano ya taifa mwaka ule hata ushinde vipi. Napier alikuwepo, akabaki, mwaka mmoja baadaye akabeba kombe.

Shikamoo mhariri. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu Mwanza, nacheza netiboli na kikapu. Kila mtu anazungumzia wanaume. Wanawake wa UConn wako wapi? Na mtu wa kwetu anafikaje huko? (Msomaji, Mwanza)

Marahaba mwanangu. Wako mbali sana mbele ya wanaume, ndiyo jibu.

Hadi 2025 wanawake wa UConn wamebeba ubingwa wa taifa mara 12, na hayo mashindano ya wanawake NCAA iliyaanzisha 1982 tu. Kocha ni mmoja tangu 1985, Geno Auriemma, mzaliwa wa Italia. Kombe la kwanza 1995 hawakufungwa mechi hata moja, 35-0, na kumaliza msimu bila kufungwa wamefanya tena mara tano. Mwaka 2004 wanaume walibeba Jumatatu, wanawake wakabeba Jumanne yake, chuo kimoja, ilikuwa haijawahi kutokea. 2013 hadi 2016 walibeba mara nne mfululizo na Breanna Stewart alikuwa mchezaji bora wa nne bora kila mwaka, miaka yake yote minne. Wakafika kushinda mechi 111 mfululizo, mpaka Mississippi State walipowakata 2017 kwenye nusu fainali, muda wa nyongeza, king'ora kinalia.

Tangu kombe la 2016 ikapita miaka tisa kabla ya kubeba jingine. Paige Bueckers, mchezaji wao mkubwa, akapasuka goti akakosa msimu mzima, akarudi, 2025 wakawachapa mabingwa watetezi South Carolina 82-59. Itafute fainali hiyo uiangalie, mwangalie Sarah Strong, alikuwa mwaka wa kwanza tu, pointi 24 na ribaundi 15.

Kuhusu kufika, usianze na mawakala wanaoomba hela. Vyuo vikubwa vinatoa ufadhili kamili lakini kabla hujaruhusiwa kucheza NCAA yenyewe inakagua vyeti na masomo yako ya sekondari, na kama umewahi kulipwa kucheza. Wengi wa kwetu wanakwama kwenye vyeti, kipaji kipo. Hasheem mwenyewe alipitia sekondari ya kule kwanza. Netiboli usiiache, inakupa mikono mizuri, ila anza kurekodi mechi zako za kikapu hata kwa simu, mechi nzima, kushambulia na kukaba, makocha wanataka kuona unavyokaba. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka niandikie tena nikuelekeze pa kuanzia.