Kabla hujanunua nishani ya Mjerumani, tembea na sumaku

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Singida alinitumia picha mbili kwa WhatsApp. Sarafu ya njano: upande mmoja tai wa Kaisari, upande wa pili tembo na mlima nyuma yake, mwaka 1916, na chini herufi T. Akaandika: "Kaka, nauziwa laki tisa. Mzee anasema ni dhahabu ya mgodi wa Sekenke, babu yake alikuwa askari wa Mjerumani. Ninunue?"

Usiku ule sikulala vizuri. Maneno "babu yake alikuwa askari" nayajua. Mimi niliyasikia miaka sita iliyopita pale mnadani Msalato, Dodoma, na yalinigharimu shilingi 350,000 ambazo zilikuwa za bati za jiko letu Nkuhungu. Mke wangu alipikia nje masika nzima. Hilo sijalisahau, na sidhani kama yeye amelisahau.

Nianze na babu yangu, maana ndiye aliyeniingiza kwenye mambo haya. Alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza. Alichukuliwa Mpwapwa, akapelekwa Burma, akarudi na kikohozi na nishani moja iliyofungwa kwenye kitambaa cha kanga. Ni nyota ya ncha sita, katikati ina taji na herufi za Mfalme George wa Sita, na kuizunguka pameandikwa The Burma Star. Nyuma tupu, hakuna jina lake. Nilipokuwa mdogo nililia kwamba Waingereza walimsahau hata jina. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba nyota za vita vya pili Waingereza kwa kawaida walizitoa bila jina, wakati nishani zao za vita vya kwanza ziligongwa, ukingoni au nyuma, namba, cheo, jina na kikosi cha askari. Babu alipofariki nyota ikaja kwangu, na kuanzia hapo kila kitu cha vita nikakitaka.

Nikasoma. Nikajua kwamba reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, kwamba jeshi la van Deventer kutoka Afrika Kusini liliingia Kondoa Aprili 1916, na kwamba Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alilishambulia palepale usiku mmoja wa Mei akarudishwa nyuma. Kufikia mwisho wa Julai, Dodoma ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Niliyajua haya kuliko mtu yeyote ofisini kwetu na nilijivunia. Sasa nisikilize vizuri wewe unayeanza: ujuzi huo ndio ulioniponza.

Jumamosi moja ya mwaka ule, pale Msalato, mzee mmoja alinisalimu, "Mbukwa mwanangu," akanivuta pembeni ya wachoma nyama. Akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na Msalaba wa Chuma, ile nishani ya Mjerumani, wenye taji juu, herufi W katikati na 1914 chini. Pamoja nao maganda mawili ya risasi yaliyoota kutu ya kijani. Akasema babu yake alivitoa kilimani Kondoa kwa maiti ya ofisa. Alipotaja Kondoa, mimi mwenyewe nikammalizia hadithi! Nikamtajia mwezi, nikamtajia majenerali. Yeye akaitikia tu, "Ehee, hapohapo, mwanangu." Nikalipa bila hata kupunguziwa.

Nilikaa na msalaba ule miezi minne, nikiwaonyesha wageni. Siku moja akaja nyumbani mtu aliyezoea vitu hivi, rafiki wa rafiki, akaushika sekunde chache, akauliza mbele ya watu, "Una sumaku?" Mwanangu alikuwa nayo, aliitoa kwenye spika iliyokufa. Tukaigusisha. Haikushika. Yule bwana hakusema kitu, alinirudishia tu, na lile tazamo lake linaniuma mpaka leo.

Msalaba wa Chuma halisi una vipande vitatu: moyo wa chuma uliopakwa weusi, na fremu ya fedha ya nusu mbili zilizoungwa kuzunguka moyo huo. Ukiutazama ukingoni utaona mstari wa muungo. Moyo ukiwa wa chuma, sumaku inashika. Wangu ulikuwa kipande kimoja kilichomiminwa kwenye kalibu, fremu na moyo vyote metali moja laini, mstari hakuna. Usiku ule niliuosha kwa sabuni na mswaki kwenye beseni. Weusi ukatoka kama masizi ya sufuria, chini kukabaki rangi ya kijivu. Kisha nikauweka kando ya nyota ya babu, nikachukua kioo cha kukuzia.

Hapo ndipo nilipojifunza, kwa jicho langu na bila mwalimu. Herufi za nyota ya babu zimesimama, kingo zake kali, kwa sababu ziligongwa kwa mashine yenye nguvu. Zile za msalaba zilikuwa nene na za mviringo kama zimefinyangwa kwa unga, na katikati ya herufi palikuwa na vitundu vidogo vya hewa. Na uchafu! Nyota imelika pale kidole gumba kilipopita miaka yote, kwenye ncha na juu ya taji, na weusi umebaki mabondeni. Msalaba ulikuwa mchafu sawasawa kila mahali, juu na chini, maana uchafu wake ulipakwa siku moja. Kitu kilichozeeka chenyewe hakizeeki sawasawa. Tazama kingo, tazama mabonde, tazama palipopaswa kulika.

Usidhani sumaku inamaliza kazi. Wapo watengenezaji wazuri wanaoweka chuma ndani kwa makusudi, kwa hiyo sumaku ikishika bado hujamaliza, tafuta muungo, tafuta vitundu. Lakini kwa anayeanza, itakuokoa na wengi wa hawa wa mnadani. Nishani ya fedha nayo sumaku isiishike kabisa.

Kinachoniuma zaidi ni maganda yale. Yalikuwa ya kweli. Nilipoyasafisha kitakoni nilisoma herufi K na VII. K ni Kynoch, kiwanda cha Uingereza, na VII ni toleo la saba la risasi ya .303. Ni risasi ya upande wa Mwingereza, lakini mzee aliniambia ni ya Mjerumani, nami niliyejiona mjuzi sikugeuza ganda nikasoma. Kitu kimoja cha kweli kiliwekwa karibu na cha uongo ili kiubebe. Vivyo hivyo na historia: vita vya Kondoa ni vya kweli, Sekenke ni ya kweli, na mwongo hujenga juu ya kweli yetu wenyewe. Kwa hiyo hadithi isikilize kwa heshima, kisha iweke pembeni, ushike kitu.

(Ukikuta risasi nzima, ambayo haijapigwa, usiiguse wala usiinunue. Nenda polisi. Na usiende kuchimba vilimani mwenyewe, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali.)

Sasa nirudi kwa ndugu yangu wa Singida. Nilimjibu hivi. Sarafu hiyo ipo kweli. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na bandari zimefungwa, walipiga sarafu Tabora kwenye karakana ya reli, na zile za rupia 15 zilitumia dhahabu ya Sekenke. Zilikuwa 16,000 na ushei tu, na kwa sababu hiyo nakala zake ni nyingi mno. Halisi ina uzito wa gramu 7.17 hivi, na robo tatu yake ni dhahabu. Kwa hiyo mwambie mzee mwende wote kwa sonara, mpime. Shaba ya njano ya ukubwa uleule inakaribia gramu 4, na ukiikuta nzito basi pima na unene. Mzee akikataa kwenda kwa sonara, wewe kunywa chai yako urudi nyumbani. Na kama unataka kuanza na Tabora, anza na senti zao za shaba, heller 20 za mwaka huohuo. Ukikosea kwenye hizo utaumia kidogo.

Vijana, msione haya kumwomba muuzaji ruhusa ya kupima. Tumelelewa kutomtilia mzee shaka, na ni malezi mema, lakini kupima metali si kumtukana mtu. Mwenye kitu cha kweli atakushikia kioo mwenyewe.

Jumamosi baada ya kumjibu kijana wa Singida nilienda Msalato. Sumaku ilikuwa mfukoni, kama kawaida yangu tangu mwaka ule. Nilimkuta yule mzee aliyeniuzia msalaba palepale, karibu na wachoma nyama, kitambaa kimefunguliwa, na mbele yake kijana wa miaka ishirini hivi ameinama, macho yamemtoka. Moyo ulinienda mbio. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kumwambia siku nikimwona.

"Shikamoo mzee," nikasema. Ndilo lililotoka.

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa." Alinitazama kwa upole. Hakunikumbuka hata kidogo.

Nikatoa sumaku nikamkabidhi yule kijana, nikamwambia aiweke juu ya msalaba, halafu ainyanyue taratibu. Aliiweka. Akainyanyua. Ilikuja peke yake, msalaba ukabaki kwenye kitambaa.