Kuamka saa kumi alfajiri kumekushinda? Anza na saa unayolala

Kaka wa Nakuru, pole. Umesema unafanya kazi ya kunakili sauti ukiwa nyumbani, yaani unasikiliza rekodi na kuandika yanayosemwa, wateja wako wako Marekani, unazima kompyuta saa sita usiku au baadaye, na bado umetega kengele ya saa kumi alfajiri kwa sababu kila video inasema wenye mafanikio huamka saa hiyo na kuoga maji baridi. Siku ishirini na moja zimepita, tabia haijaingia, na saa nane mchana unasinzia ukiwa kazini. Unauliza ukaze wapi.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kisumu, nashona sare za shule. Nina watoto wawili na biashara ambayo mteja anaweza kukupigia hata ukiwa bafuni. Nitakwambia yanayonifaa mimi, wewe uchambue.

Kwanza hesabu. Saa sita mpaka saa kumi ni saa nne. Mwaka 2015 wataalamu wa usingizi wa huko huko Marekani walikubaliana kwamba mtu mzima anahitaji angalau saa saba kila usiku. Unadaiwa saa tatu kila siku, na deni hilo halilipwi kwa kukaza. Kama kazi yako inakulaza saa saba usiku, basi asubuhi yako inaanza saa mbili, na ni asubuhi halali kabisa. Hao wanaokuhubiria saa kumi, waulize jana walilala saa ngapi.

Halafu angalia jua la kwetu. Tuko karibu na ikweta, halitupi maajabu. Kisumu huchomoza mapema zaidi mwanzoni mwa Novemba, kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, na Februari huchelewa hadi karibu saa moja kasoro dakika kumi. Nakuru mnatutangulia kwa dakika tano hivi. London mwezi wa Juni jua linatoka kabla ya saa kumi na moja, kwa hiyo mtu wa kule akiamka mapema anakuta dunia imeshaamka. Wewe ukiamka saa kumi unakaa gizani zaidi ya saa mbili, na mwili unapanga saa yake kwa mwanga unaoingia machoni. Mwanga ukifika, ubongo unapunguza melatonini, homoni ya usingizi. Taa ya sebuleni haifui dafu: hata siku ya mawingu, nje kuna mwanga mara nyingi zaidi. Kwa hiyo ukiamka, toka nje. Usichungulie dirishani tu.

Sasa, kutoka nje kwa hiari yako mwenyewe hutatoka. Ratiba inayongoja hamu haifiki mwezi wa pili. Yangu nimeifunga kwenye vitu vitakavyotokea nitake nisitake. Gari la shule linapiga honi saa kumi na mbili, watoto wanapanda, na mimi sirudi ndani. Mkoba nimeshaubeba begani. Natembea kutoka nyumbani Manyatta hadi kibandani kwangu Kibuye kunapambazuka, boda wakinipigia kelele kwamba leo ni bei poa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na nusu saa ya mwendo wa haraka kwa siku tano inafika hapo. Mazoezi mengine sina.

Wewe huna gari la shule wala kibanda cha kufungua. Basi acha kununua maziwa jioni. Ukitaka chai itabidi uvae viatu uende dukani, na ukichagua duka la mbali kidogo, umemaliza mambo mawili.

Jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko yote ni kinachofuata nikifika kibandani. Kabla ya simu, nakata. Kitambaa nimekilaza mezani tangu jana, nimekinyoosha kwa pasi, vipimo viko kwenye daftari lililofunguliwa ukurasa wa kazi hiyo, chaki na mkasi juu yake. Nikiingia sina cha kuamua, nashika chaki tu. Kukata ndiyo kazi ya akili, kwa sababu mshono mbaya unafumuliwa ila kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi. Kushona, kutia vifungo na kupiga pindo nafanya baadaye, redio ikiwa juu na akina mama wakibishana nami bei. Simu inakaa mkobani ikiwa imezimwa mpaka vipande vyote vimefungwa mafungu. Januari, shule zinapofunguliwa, wazazi hulalamika sana kwamba hawanipati. Mwenye haraka huja mwenyewe.

Kwenye kazi yako, kukata ni zile sauti mbovu ambazo watu watatu wanaongea kwa pamoja. Ankara na kujibu barua pepe ni vifungo. Lakini umeandika kwamba unaanza na barua pepe "ili kupasha moto". Geuza. Usiku kabla hujazima, fungua faili gumu, liweke pale ulipoishia, uliache hivyo.

Kahawa: ya asubuhi haina neno. Ile ya saa tatu usiku ya kumalizia kazi, ikifika saa nane usiku karibu nusu ya kafeini yake bado imo mwilini. Na kuoga maji baridi, Nakuru, mwezi wa saba? Chemsha maji, kaka. Sisi wa Kisumu tunaoga baridi mwaka mzima na utajiri bado tunausubiri.

Kuhusu hizo siku ishirini na moja, usizihesabu. Kuna utafiti wa University College London uliochapishwa 2010: tabia ilichukua wastani wa siku 66 kuzoeleka, wengine 18, na kwa wengine makadirio yalifika 254. Tena kuruka siku moja hakukuharibu kitu, kwa hiyo ukiruka Jumapili usijilaumu.

Ila kuna jambo hukulisema. Hiyo saa sita usiku ni sharti la mteja au ni mazoea yako? Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi au kumi na moja jioni kwetu, kutegemea majira yao. Kama wanataka tu wakute kazi wanapofika ofisini, una asubuhi na mchana mzima wa kuimaliza. Waulize, kisha uturudie hapa na jibu.