Kabla hujahamishia ofisi Mwanza

Mwanangu,

Umeuliza kama ukubali ofisi yenu ya Dar es Salaam ikuache ufanyie kazi huku Mwanza, uwe unakwenda huko wiki moja kila miezi miwili. Kubali. Ila usikubali kwa mdomo.

Kabla ya 2020 mwajiri ndiye aliyelipia umeme, jenereta, intaneti na kiti. Korona ilipozifanya kampuni nyingi ziwaache watu wafanyie kazi nyumbani, gharama hizo zilimfuata mfanyakazi, na ugonjwa ulipotulia hazikurudi zilikotoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mahali pa kazi na saa za kazi viandikwe, na vikibadilika upewe maandishi. Basi waandike Mwanza, waandike nani analipa bando, nauli na malazi ya Dar. Saa za kawaida ni 9 kwa siku, 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni malipo ya mara 1.5. Ujumbe wa bosi wa saa tatu usiku unaotaka ripoti ni kazi. Angalia na cheo: anayesimamia wenzake na kuripoti kwa uongozi wa juu hapati kinga hiyo ya saa.

Nyumba usiilipie kodi ya miezi sita kabla ya kupima mtandao. Ingia chumba chenyewe na laini mbili, piga simu ya video nusu saa, saa nne asubuhi na tena saa mbili usiku. Jabali moja tu nyuma ya ukuta linatosha kukukatia mtandao wakati jirani anapata vizuri. Mkutano wa video hula karibu GB 1 kwa saa.

Umeme ndio utakaokusumbua. Ukikatika utategemea betri. Laptopu wastani wati 40, ruta 12, jumla 52. Betri ya asidi ya volti 12, ampia-saa (Ah) 100, ina wati-saa 1,200, lakini ukiishusha chini ya nusu inakufa mapema. Katika 600 zinazobaki, inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, inakula kama asilimia 15. Unapata saa 9 betri ikiwa mpya. Ikizeeka, hesabu 6. Pasi usiichomeke hapo kabisa! Wati 1,000 zinavuta zaidi ya ampia 80 kwenye betri hiyo, volti inashuka, inveta inalia na kuzima.

Halafu ethi, ile fimbo ya ardhini ya kupokea umeme uliovuja. Nyumba nyingi za vilimani zimekaa juu ya mawe. Fundi anagonga fimbo, inagota nusu mita, anakata kipande kilichobaki juu na kufukia. Kwa macho ipo, kwa kazi haipo. Mwambie ahame hadi kwenye udongo laini, hata kule maji ya bafuni yanakomwagika, avute waya wa shaba kutoka huko, kisha apime kwa mita mbele yako. Ipimwe tena Julai au Agosti ardhi ikiwa imekauka.

Mvua za ziwani hupenda kuja usiku wa manane na alfajiri, na radi zake. Kabla ya kulala chomoa plagi, na chomoa pia waya wa antena kwenye ruta. Radi hupita humo hata ruta ikiwa imezimwa.

Barua yao ikifika, nipigie picha kurasa zote kabla hujasaini.

Mama yako